"Maandishi Utakula?" Bahco Zangu Nne na Karakana Iliyozing'arisha

Nilikabidhi spana malaya, zile za kupanua na kubana mdomo, nne za Bahco zenye kutu, nikarudishiwa vyuma vinne vinavyometa kama sufuria za bibi harusi. Mwingine angeshukuru, akalipa, akaenda zake. Mimi nimeshika moja hapa, napapasa mpini kwa kidole gumba natafuta herufi, na herufi hazipo. Laini kama yai.

Jina la karakana silitaji. Ipo Mtwara mjini, wenye kuhangaika na vyuma wanaijua, na waliomo wana watoto wa kusomesha. Ila kazi yao nitaieleza nati kwa nati, maana huku Kusini wanaokusanya vifaa vya zamani si wachache, na kosa letu ni moja: tunamwambia fundi "safisha", halafu tunageuza mgongo.

Kazi zilikuwa mbili. Ya kwanza, kutoa kutu kwenye spana za inchi 6, 8, 10 na 12. Ya pili ilihusu ile ya inchi 10 peke yake: pini inayopita katikati ya gurudumu, lile la kuzungusha kwa kidole gumba kusogeza taya, ilikuwa imekatika, na gurudumu lenyewe limeganda. Kwa kazi ya kwanza nawapa nyota moja, nayo ni sadaka.

Walichofanya ni hiki. Walichukua grainda ya inchi nne na nusu, ile inayokimbia mizunguko kama 11,000 kwa dakika, wakafunga brashi ya waya uliosokotwa. Waya ule hauchagui kati ya kutu na chuma. Unapiga kingo za herufi mpaka zinakuwa mviringo. Palipokuwa na vishimo vya kutu, wakabadilisha wakafunga diski ya msasa, na hapo ndipo msiba ulipotokea, kwa sababu diski ya msasa haifuti kutu iliyo ndani ya kishimo. Inashusha chuma chote cha pembeni mpaka kilingane na kina cha kishimo. Kwenye Bahco zangu mbili herufi zilikuwa zimeinuka ndani ya bonde la mpini, kwa hiyo zilikuwa za kwanza kuliwa. Wakamalizia kwa rangi ya kupuliza ya silva. Hadi ndani ya mfereji wa taya! Rangi ikikauka mle, taya halitelezi tena, linasukumwa.

Asiyejua atasema ni maandishi tu. Johan Petter Johansson alipata hataza ya spana hii mwaka 1892, akiwa na karakana yake Enköping, Uswidi. Aliyekuwa akizisambaza ni B. A. Hjort wa Stockholm, na herufi za kampuni yake ndizo zilizozaa neno Bahco. Kwa hiyo mpini wenye jina la Johansson, au la Hjort, au la mji wa Enköping, unakusimulia ulikotoka kabla hujauliza bei. Hjort huyohuyo ndiye aliyesambaza majiko ya Primus, yale ya pampu yaliyokuwa yakinguruma jikoni kwa bibi zetu. Ukiona jina lake kwenye jiko la shaba kwenye lundo la vyuma chakavu, usilipite.

Halafu kuna samaki. Samaki na ndoano ni alama ya Sandvik, kampuni ya chuma ya Uswidi, waliyoianza kwenye misumeno mwaka 1886. Bahco iliingia mikononi mwa Sandvik mwaka 1991, kisha mwaka 1999 ikachukuliwa na Snap-on wa Marekani. Maana yake Bahco yenye samaki haiwezi kuwa ya kabla ya 1991, hata muuzaji aape.

Na huku kwetu wanaapa sana. Kila chuma chenye kutu ni "cha reli ya karanga". Ni kweli reli ilikuwepo, Mtwara hadi Nachingwea, ikafungwa mwaka 1962, na mradi wa karanga wa Waingereza ulileta mitambo mingi. Lakini mitambo ya Kiingereza ya enzi hizo ilifungwa kwa nati za Whitworth, vipimo vya zamani vya Kiingereza vya inchi, na spana zilizofuatana nayo mara nyingi zina mdomo usiobadilika na alama kama 1/4W au 3/8W. Namba hiyo inataja unene wa bolti, haitaji upana wa nati, ndiyo maana wengi wanachanganyikiwa: nati ya 1/4W ina upana wa inchi 0.525, yaani milimita 13.3. Spana ya 13 haiingii, ya 14 inacheza na kula kona. Ya 3/8W ni inchi 0.710, hiyo ina bahati, spana ya 18 inakamata. Hapo katikati ndipo spana malaya nzuri inapolipa gharama yake. (Mbele ya wakwe sema spana ya kurekebisha.)

Sasa sikilizeni kejeli. Ile ya inchi 12 niliuziwa kama ya reli ya karanga, na ina samaki. Ni ya juzi tu, na nilijua nilipoinunua. Ile ya inchi 8 ndiyo ilikuwa ya maana, yenye jina la Enköping. Grainda imekula Enköping yote, ikamwacha samaki anaogelea, pezi na ndoano, hata kwenye silva anaonekana. Katika nne, aliyepona ni yule asiye na thamani.

Nilipouliza maandishi yako wapi, fundi alinitazama kama niliyeuliza mkia wa kuku. "Bosi, ulileta kutu, kutu imetoka. Maandishi utakula?" Vijana wawili waliokuwa wakichomelea geti wakacheka mpaka mmoja akainua kinyago. Hakukuwa na pole. Bei ilikuwa ileile, na hata chenji nilihesabiwa taratibu kama mtu mgumu kuelewa.

Kwa hasira nikaanza kutafuta makosa mengine, na nikayapata, lakini baadhi inabidi niyarudishe. Kwenye ile ya inchi 10 niliona mkanda wa bluu shingoni, karibu na gurudumu. Walikuwa wameichoma kwa gesi ili gurudumu liachie. Nikasema wameiua. Nilipotulia nikakubali kwamba hapo nimekosea. Bluu inatokea karibu nyuzi 300 za Selsiasi. Kwa patasi au kisu cha randa, bluu ni kifo, makali hayatakaa tena. Kwa spana kwa kawaida si kitu, kwa kuwa spana hulegezwa ugumu kiwandani kwa joto kubwa kuliko hilo ili isikatike kama kioo. Wangefika kwenye wekundu ndiyo ningelia. Kupima, chukua tupa ndogo, ivute kwa uzito uleule mara moja mwisho wa mpini na mara moja ndani ya shingo. Ikizama zaidi shingoni, chuma kimelainika. Yangu iliuma sawasawa pote.

Taya pia nilizikagua nikitamani ziwe zimepinda. Kipimo chake: fungua mdomo kiasi cha nati ya 19, pima kwa kalipa ndani kabisa, halafu pima kwenye ncha. Ncha ikiwa pana zaidi kwa nusu milimita au zaidi, taya limetanuka, na hilo husababishwa na mtu kuvuta spana upande usiofaa. Mzigo mkubwa ubebwe na taya lisilotembea. Linalotembea likibebeshwa, linafumuka. Zangu zilikuwa nzima zote nne. Kwa hiyo kama vyombo vya kazi, ziko vizuri. Basi nyota mbili.

Na ile pini. Hapa ndipo ninapochukia hata kuandika, kwa sababu ni kazi nzuri kuliko nilizowahi kuona Kusini huku. Kipande kilichobakia ndani kilikuwa kimeoteana na gurudumu. Hawakukipiga nyundo, walikitoboa katikati kwa keekee nyembamba, wakapanua hatua kwa hatua hadi ganda likabonyea lenyewe, bila kugusa hesi ya kwenye mwili. Pini mpya wakaikereza kutoka kwenye shingo ya keekee iliyokatika. Wazo la akili sana: shingo ya keekee ni ngumu kuliko nondo lakini si ngumu kama makali yake, inakerezeka. Wakakata hesi mwisho mmoja, wakachonga mfereji wa bisibisi kwa msumeno wa chuma, na mfereji umekaa katikati kabisa. Gurudumu linazunguka kwa kidole kimoja, na mchezo wa taya ni mdogo kuliko wa ile ya inchi 6 ambayo haikuwahi kuharibika.

Hata springi waliikumbuka. Ile springi nyembamba inayokaa na pini ndani ya gurudumu, wengi huitupa wakidhani ni uchafu. Kazi yake ni kulibana gurudumu lisizunguke lenyewe unapogeuza spana. Jaribio: funga kwenye nati ya 19, itoe, itikise mara kumi, irudishe. Ikiingia bila kurekebisha, springi ipo. Ya kwao iliingia. Mtu mwenye mkono wa namna hii anawezaje kushika diski ya msasa? Naanza kushuku pini aliikereza mwingine, mpole, asiyeongea na wateja.

Kutu yenyewe ingetoka bila vurugu. Kwanza fungua pini kwa bisibisi inayojaa mfereji, toa gurudumu, springi na taya, kila kimoja kwenye kopo lake. Vilivyoganda viloweke siku mbili kwenye mafuta ya taa yaliyochanganywa nusu kwa nusu na mafuta ya gia otomatiki. Kutu ya juu itoe kwa brashi ya shaba kwa mkono. Shaba ni laini kuliko chuma, haili herufi.

Iliyobaki, siki nyeupe ya kawaida, saa 12 hadi 24, si zaidi. Spana izame yote. Ikichomoza, pale usawa wa siki unapoishia patachimbwa mstari usiotoka milele. Siku tatu ndani ya siki na utapata chuma cha kijivu chenye ngozi ya chungwa. Na kama ina kromu au nikeli iliyoanza kubanduka, siki usiitumie kabisa, itapenya chini yake na kuinyanyua yote.

Njia ninayoiamini kwa maandishi hafifu ni ya umeme. Ndoo ya plastiki, maji, kijiko kimoja cha chakula cha magadi kwa kila lita, yaleyale ya kulainishia maharage ilimradi yawe safi. Chumvi hapana, inatoa hewa ya klorini na inaacha mbegu ya kutu. Chaja ya betri ya volti 12: waya hasi kwenye spana, waya chanya kwenye kipande cha nondo au bati nene la chuma cheusi. Visigusane. Usitumie chuma cha pua kwenye chanya, maji yanageuka sumu. Fanya nje, mbali na moto, sababu mapovu yale ni haidrojeni. Saa nne hadi nane, kutu inageuka tope jeusi, unalifuta kwa brashi ya meno, na herufi inabaki na kona zake.

Hapo kuna mtego wa pwani. Chuma kilichotoka kwenye maji, kwa upepo huu wa chumvi, kinaanza kuwa cha njano kabla hujamaliza kukohoa. Suuza kwa maji ya moto sana ili kikauke chenyewe, kianike juani dakika chache, kisha paka mafuta kikiwa bado na joto. Usikifunge kwenye mfuko wa nailoni, kitatoa jasho. Kitambaa cha pamba chenye mafuta kinatosha, na kila mwezi ukifungue ukikague.

Rangi ya silva nimeshaitoa kwa tina na kitambaa, mfereji wa taya kwa mswaki. Chini ya rangi, kwenye ile ya inchi 8, ukiinamisha mpini kwenye mwanga wa jioni kuna kitu kama kivuli cha herufi K. Au ni mkwaruzo.

Nimesema nyota mbili. Kwa pini peke yake ningetoa tano, kwa mdomo wa fundi naondoa zote. Nina Bahco nyingine ya inchi 15, ilitoka Lindi, gurudumu lake limeliwa meno na hakuna mwingine ninayemjua wa kulikatia hesi pana namna ile. Kwa hiyo nitarudi palepale, na gurudumu, pini na springi ndani ya kopo la maziwa. Mpini unabaki kabatini, na akiuuliza nitamwambia nimeshaula.