Kisanduku Kilichonitosa Baharini

Kabla ya masika nilifungiwa garini kisanduku cha bei nafuu kinachojua gari lilipo bila kutegemea setilaiti, kwa sababu ninapowapeleka wageni rasi ya Kigomasha, kaskazini mwa Pemba, chini ya miti ya msitu wa Ngezi, alama ya mahali nilipo kwenye simu yangu hurukaruka kama chura. Hesabu yake ni ile ya nahodha katika usiku usio na nyota: sumaku iliyobandikwa kwenye rimu huhesabu mizunguko ya gurudumu, jairoskopu hupima kona, na dira husahihisha mwelekeo.

Safari ya kwanza, tukiwa Makangale juu ya ardhi kavu, kisanduku kilituonesha tumo baharini upande wa Verani, na mgeni mmoja akaniuliza kama gari langu linajua kuogelea.

Nilirudi Chake Chake kwa fundi aliyenifungia. Hakuinua hata uso, mbele ya wateja wengine aliniambia, "Babu, kifaa hakina kosa, kosa ni mikono yako." Mimi nimeshika usukani yeye hajazaliwa, na neno lile lilinikaa kooni kama mwiba wa changu. Usiku ule ningeandika kwamba kitu hiki ni takataka na akiuzaye ni mwizi.

Hasira ndiyo iliyonifanya nikifungue mwenyewe. Dira ilikuwa imebandikwa nyuma ya spika ya redio, na spika ina sumaku yake! Kosa la digrii 5 tu, katika kilomita 10 za njia iliyonyooka, humtupa mtu pembeni karibu mita 870, na kule Kigomasha, ambako nchi ni nyembamba, hizo zinatosha kumtosa. Mzingo wa tairi nao fundi alibuni mita 1.80; mimi nilitia alama ya chaki, nikalisukuma gari mizunguko 10 na kupata 1.93, yaani katika kila kilomita 50 alinipunja zaidi ya 3.

Niliihamisha dira mbali na redio, nikalizungusha gari duara uwanjani ili dira izoee chuma chake. Tangu hapo sijatoswa tena, ingawa kikienda mwendo mrefu hesabu yake hupotoka kidogo, nami hukisahihisha njia panda ya Konde. Basi takataka si kisanduku, na anayekitaka akinunue. Ila asiniulize wa kumfungia, maana tundu alilotoboa yule bwana kwenye dashibodi bado ninaliziba kwa gazeti.