Basi lilinipita nimesimama kituoni

Kampuni hii ya mabasi naipa nyota moja, na hiyo moja ina mwenyewe, nitamtaja mbele. Sizungumzii viti, wala usafi, wala kama mabasi yao ni mapya au makuukuu. Hayo kila mtu atayaona mwenyewe. Nazungumzia sekunde chache za asubuhi moja, wiki kadhaa zilizopita, ambazo hadi leo nikizikumbuka kifua kinanibana.

Nilikuwa kituoni. Si karibu na kituo, si ng'ambo ya barabara: kituoni penyewe, chini ya nguzo, uso nimeuelekeza yanakotokea mabasi. Simu ilikuwa mfukoni. Sikuwa naongea na mtu, maana hapakuwa na mtu. Basi likaja, likapita. Halikupunguza hata mwendo. Upepo wake ulinipiga usoni, na ndipo nilipoiona namba yake. Ilikuwa namba yangu.

Najua swali linalofuata, kwa sababu nimeulizwa na kila niliyemsimulia. Je, ulinyoosha mkono? Hapana, sikunyoosha. Na sababu ya kutonyoosha ndiyo iliyonikalisha hapa kuandika.

Macho yangu ni mabovu. Daktari aliandika 6/60, maana yake kile ambacho mtu mwenye macho mazima anakisoma akiwa umbali wa mita 60, mimi lazima nikisogelee hadi mita 6. Miwani haisaidii kitu. Ukinitazama huwezi kujua. Sitembei na fimbo nyeupe, natembea vizuri, nakuona ukija, ila uso wako siujui mpaka useme. Basi nalo naliona kama rangi kubwa inayokuja. Namba yake siioni.

Kituo hicho kinatumiwa na njia tatu. Dakika chache kabla ya hilo lililonipita, lilikuja basi jingine. Nikanyoosha mkono, kwa kuwa utaratibu wao unasema abiria asimamishe basi. Likasimama, mlango ukafunguka, nikauliza kwa adabu, "Samahani, hii ni namba ngapi?" Dereva akanijibu kwa sauti ya juu, abiria wote wakasikia: "Kama huendi huku umenisimamishia nini? Namba si hiyo hapo juu? Huoni?"

Nikamwambia, "Sioni vizuri, mwanangu."

Akafyonya. Akafunga mlango nikiwa bado nimeshika ukingo wake, akaondoka.

Mimi ni mtu mzima. Nimelea watoto wa rika lake. Nilibaki pale kituoni nimejaa aibu ambayo haikuwa yangu, na nilipoona rangi nyingine kubwa inakuja, mkono wangu ukawa mzito. Nikajiambia safari hii nisubiri kidogo, nihakikishe kwanza. Ndiyo hilo lililopita.

Kwa hiyo nikinyoosha mkono natukanwa, nisiponyoosha naachwa. Naomba mtu wa kampuni hiyo anionyeshe njia ya tatu.

Nilipiga simu kulalamika. Binti aliyepokea alikuwa na adabu, na yeye simlaumu. Alinisomea mwongozo: dereva halazimiki kusimama kituoni kama hakuna abiria anayeteremka na hakuna aliyempa ishara. Nikamuuliza, na asiyeweza kusoma namba atampa ishara nani? Akanyamaza kidogo, kisha akasema niombe msaada kwa abiria wenzangu pale kituoni. Nikamwambia nilikuwa peke yangu. Akasema amepokea maoni yangu.

Nilikaa nikapiga hesabu, maana hasira yangu hutulia nikishika kalamu. Uingereza, kanuni za mwaka 2000 zinataka namba ya njia mbele ya basi iwe na kimo kisichopungua milimita 200. Hiyo ni namba kubwa kweli. Kwa macho ya 6/60, namba ya ukubwa huo inaanza kusomeka ikiwa umbali wa mita 14 hivi. Basi linalokwenda kilomita 50 kwa saa linamaliza mita 14 kwa sekunde moja. Sasa geuza upande wa dereva: ili asimame taratibu, waliosimama ndani wasiangukiane, anahitaji kuanza kukanyaga breki mita kama 80 kabla. Yaani siku ile, hata ningenyoosha mkono sekunde ileile niliyoisoma namba, alikuwa ameshachelewa. Utaratibu huo hauwezekani kwangu hata nikijitahidi vipi. Siyo uvivu, siyo kutojua. Mita 14 na mita 80 haziwezi kukutana.

Hapo nilikuwa nimeshaamua kwamba jambo hili lifutwe kabisa, mabasi yasimame kila kituo, basi. Nikamwambia shemeji yangu, ambaye aliendesha basi miaka mingi kabla ya kustaafu. Nilitegemea aniunge mkono. Hakuniunga.

Alinieleza kitu ambacho sikuwa nakifikiria. Kusimama siyo kule kufungua mlango tu. Ni kupunguza mwendo, kusimama, halafu kuliondoa gari zito kutoka sifuri. Hata kama hakuna aliyepanda, zinakwenda sekunde 15 au zaidi. Ukisimama bure kwenye vituo 20 visivyo na mtu, umepoteza dakika 5, na hizo dakika 5 ni za watu wengi walioketi nyuma yako, pamoja na yule anayekusubiri mbele. Mafuta nayo yanateketea zaidi wakati wa kuondoka. Tena, akasema, kituo cha njia tatu ni mtihani kwa dereva. Unaona watu sita wamesimama. Wa kwako ni nani? Wengine wamejikinga jua, mmoja anamsubiri mwenzake. Ukisimama wanakutazama tu, hakuna anayesogea, na abiria ndani wanaanza kunung'unika.

Nikakubali. Kusema kweli nilirudi nyumbani nimepoa, na moyoni nikawapandisha hadi nyota tatu. Nikaanza hata kujiona nimewaonea. Usiku, barabara tupu, kituo kitupu, basi lisimame la nini? Hapo hata mimi nikiwa ndani ningetaka liendelee.

Lakini usingizi ulikataa, kwa sababu shemeji alijibu swali ambalo sikuuliza. Mimi sikuwa kituo kitupu. Nilikuwa mtu, nimesimama peke yangu. Dereva hakuwa na watu sita wa kuchagua. Alikuwa na mmoja.

London kwa miaka mingi walikuwa na vituo vya aina mbili, na bango lenyewe lilikuambia. Kibao cheupe chenye duara jekundu, basi linasimama. Kibao chekundu chenye duara jeupe, nyoosha mkono. Angalau mtu alijua yuko wapi. Paris abiria anatakiwa ampe dereva ishara, na Singapore vilevile. Kwa hiyo siwezi kusema kampuni hii imebuni ukatili wake yenyewe. Ni desturi ya mabasi sehemu nyingi za dunia, na imewekwa na watu wenye macho, kwa ajili ya watu wenye macho, na mikono yao miwili ikiwa haina kitu.

Maana si mimi tu. Mwenye magongo mawili akinyoosha mkono anaachia gongo. Mama mwenye mtoto mgongoni na mizigo kushoto na kulia atapunga na nini? Aliyepata kiharusi? Mwenye mkono unaotetemeka, ambaye dereva akimwona kwa mbali anadhani anafukuza nzi?

Halafu angalia jambo hili, linaniuma kuliko yote. Ukiwa ndani ya basi na unataka kushuka, umewekewa kitufe. Kiko karibu na kiti chako, kina rangi kali, ukikibonyeza kengele inalia, taa inawaka mbele, dereva anajua. Mabasi mengine yanakutajia hata jina la kituo kinachofuata. Yote hayo ni ya mtu aliyekwisha kupanda. Wa nje, ambaye bado hajapata hata uhakika wa kusafiri, ameachiwa jicho lake na mkono wake, na dereva akiamua kutazama upande mwingine hakuna kengele itakayomshtua.

Na wala isisemwe haiwezekani. Prague, mji mkuu wa Jamhuri ya Cheki, mtu asiyeona anatembea na kifaa kidogo cha redio, ambacho kinaweza kuwekwa hata ndani ya mpini wa fimbo nyeupe. Basi au tramu, ile treni ndogo ya barabarani, ikikaribia anabonyeza, na gari lenyewe linataja kwa spika ya nje namba yake na linakoelekea. Akibonyeza kitufe kingine, dereva anapata taarifa kwamba kuna mtu asiyeona anataka kupanda. Japani mabasi yana spika kando ya mlango zinazotangaza njia na mwisho wa safari. Uingereza na Australia wako wanaotumia kadi zenye tarakimu kubwa, unapanga namba ya basi unalotaka na kuinua juu, dereva anaisoma yeye. Hiyo kadi ya mwisho ni karatasi na plastiki tu! Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ni wa mwaka 2006, na kifungu cha 9 kinataja usafiri waziwazi. Nimesoma hayo nikapiga simu tena. Akapokea mwingine. Akanisomea mwongozo uleule.

Sasa niseme habari ya nyota.

Siku ileile, baada ya kunipita lile, nilisubiri muda mrefu sana. Miguu ilichoka, na nilikokuwa nakwenda walishaanza kupiga simu. Likaja basi. Sikunyoosha mkono. Sikuwa na nguvu ya kutukanwa mara ya pili asubuhi moja, nikawa nimesimama tu, nikilitazama lile lirangi linavyokua. Nikasikia breki. Likasimama mbele yangu kabisa, mlango ukawa pale mguu wangu ulipo. Dereva akainama kidogo kutoka kitini, akataja namba ya njia na mwisho wa safari, kisha akauliza, "Mzee wangu, twende?"

Sikuweza kujibu haraka. Nikapanda. Nikamuuliza, ulijuaje? Akasema, "Nilikuona unatazama, lakini hutazami juu ilipo namba." Ni hilo tu. Hakujua habari ya Prague wala kifaa cha redio. Alifanya kwa kinywa chake kile ambacho kule kinafanywa kwa mtambo, na ilimchukua sekunde tano. Kabla ya kuliondoa basi akanisubiri nikae. Nikiandika hapa koo linanikaba.

Kwa siku mbili tatu baada ya hapo niliwaambia watu kampuni ile ni nzuri. Kweli niliwaambia hivyo. Nilisema shida ni dereva mmoja mmoja, siyo utaratibu, na mkono unyooshwe au usinyooshwe, mwenye moyo atakuona.

Juzi nikapitwa tena.

Safari hii nilikuwa nimenyoosha mkono. Nilinyoosha mapema, kwa basi nisilolijua, nikiwa tayari kwa matusi. Lilipita likiwa na nafasi, niliona madirisha ya nyuma hayana vichwa. Labda hakuniona. Labda alidhani napunga kwa mtu mwingine. Sitajua, na ndiyo shida ya ishara ya mkono: ikikataliwa haina ushahidi. Nikipiga simu wataniuliza, una uhakika uliunyoosha vya kutosha?

Kwa hiyo nayafuta niliyowaambia watu. Moyo wa dereva haupangwi kwenye ratiba. Nikimpata yule wa tatu nafika, nikimpata wa kwanza nalia, na mimi sichagui nani yuko zamu. Kampuni ndiyo inayochagua, na mwongozo wake umempa yule aliyenifyonya haki yote. Kwa mujibu wa karatasi yao, aliyenipita siku ya kwanza hakukosea hata kidogo, na aliyesimama bila ishara ndiye aliyekwenda kinyume.

Nataka hivi. Kituo kikiwa kitupu na hakuna anayeshuka, pita, sitalalamika kamwe. Kukiwa na mtu amesimama, punguza mwendo na usimame, kwa sababu kusimama kwake pale ndiyo ishara. Asiyelitaka basi lako ndiye anyooshe mkono kukuambia endelea. Huyo anaweza, maana ameshaisoma namba yako. Na kwa ajili ya vituo vya njia nyingi, wekeni spika ya nje kwenye basi, na mpaka siku itakapowekwa, dereva afungue mlango aseme namba. Shemeji amenipinga hata hapa, anasema kwenye kituo chenye watu kumi ratiba itavurugika. Nimemwambia ivurugike.

Nimetengeneza kadi yangu ya kadibodi, mwanangu kaiandika namba kwa kalamu nene nyeusi kubwa kuliko kichwa changu. Kesho naanza nayo. Nyota moja ni ya yule dereva wa tatu. Jina lake sikuliuliza, na kama yuko zamu kesho naomba Mungu basi lake liwe la kwanza kufika.