Flaneli kwa mfarishi wa viraka: nyota nne, na hii hapa sababu

Flaneli ninayoizungumzia ni ya pamba, ile iliyopitishwa brashi kiwandani mpaka nyuzi zikasimama kama malaika ya mkononi. Nyuzi hizo hushika hewa, ndiyo maana mfarishi wake hukupa joto papo hapo. Pamba ya kawaida hukupokea kwa ubaridi kwanza. Faida nyingine anaijua fundi: flaneli juu ya flaneli haitelezi. Wengine hutundika kipande kizima ukutani wakapangia viraka juu yake, vikashika bila pini hata moja.

Ila kuna flaneli na flaneli. Muuzaji mmoja aliniapia kwamba yake ni nzito. Niliishika mbele ya dirisha nikaona vidole vyangu vyote upande wa pili! Kabla hujalipa, tazama pande zote mbili: iliyopigwa brashi upande mmoja tu huwa nyepesi zaidi. Kisha isugue kwa kidole gumba. Ikianza kutoa vidonge vya nyuzi hapo hapo dukani, hali itakuwa mbaya zaidi baada ya kufuliwa mara kadhaa.

Ukifika nayo nyumbani, ifue kwanza. Hili sina mjadala nalo. Flaneli hurudi, yaani husinyaa, kuliko pamba nyingine za viraka, asilimia 5 au zaidi si ajabu, na kila aina hurudi kivyake. Ukichanganya iliyofuliwa na isiyofuliwa, mfarishi utajikunja upande mmoja. Nyekundu na bluu nzito zifue peke yake, maana huchuja. Ikikauka, ipige wanga na pasi ndipo ukate. Bila wanga inavutika, hasa ukiikata mshazari. Pasi nayo ikandamize na kuinua, usiiburute.

Kwenye cherehani mimi hutumia sindano namba 90/14 na mshono mrefu kidogo, kama milimita 3. Pindo, yaani nafasi kati ya mshono na ukingo, la robo inchi tulilozoea kwenye viraka silitaki hapa, kwa sababu kingo za flaneli hufumuka haraka. Naacha nusu inchi, na mishono naifungua pande mbili kwa pasi ili isirundikane. Kero kubwa ni vumbi lake. Fungua kasha la bobini baada ya kushona safu chache uone: limejaa manyoya ya rangi zote, na cherehani imeshaanza kuruka mishono. Brashi ndogo iwe karibu.

Kuhusu mchoro, viraka vikubwa ndivyo vinavyoipendeza, inchi 6 kwenda juu. Nyota zenye ncha kali na vipembetatu vidogo iachie pamba nyembamba; kwenye flaneli ncha hupotea ndani ya unene. Mtindo unaoitendea haki kuliko yote ni ule wa kuacha mishono itokeze nje: unachanja pindo kwa mkasi kila baada ya nusu inchi hivi, bila kugusa mshono, unafua, na kingo zinafumuka zikawa shada laini. Yaani tabia ile ile ya kufumuka iliyokuwa inakuudhi inageuka pambo.

Tabaka la kati la mfarishi, lile la kujazia, liwe jembamba, au liache kabisa kama juu na chini zote ni flaneli. Ukilijaza, siku ya kufua kwa mkono utajua hujui: maji yakishaingia, kuukamua peke yako ni kazi ya mieleka. Na tafadhali usiutandike karibu na jiko au mshumaa. Nyuzi hizo zilizosimama hushika moto upesi.

Nyota moja nimeikata kwa ajili ya vumbi na uzito. Kwa mfarishi wa kujifunikia kila usiku ningeinunua tena bila kusita, ila nikiagiza huongeza kipande cha kufidia kurudi kwake. Kwa mfarishi wa kutundika ukutani, hapana, tafuta pamba ya kawaida.