Kitabu cha Ziwa, Tangazo la Bahari

Nilisubiri hasira ipoe ndipo niandike. Haijapoa, basi naandika hivyo hivyo.

Miezi kadhaa iliyopita kitabu changu kilitoka. Ni simulizi za akina mama wanaoanika dagaa kwenye mwalo wa Kibirizi, pale mitumbwi inaposhusha samaki kando ya Ziwa Tanganyika, hapa Kigoma. Nakala 300, zimechapwa Dar es Salaam, namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, nimeifuata Bodi ya Huduma za Maktaba kama inavyotakiwa, maboksi yakaja kwa treni. Kilichobaki ni watu wajue kwamba kipo. Nikaelekezwa kwa kaka mmoja wa matangazo pale Mwanga: bango, vipeperushi 500, na gari la matangazo kwa siku moja. Alitaka hela yote kabla ya kazi, nikatoa.

Siku ya kuchukua mzigo nafungua boksi la vipeperushi, naona minazi. Minazi! Na jahazi la tanga jeupe, na mchanga wa Zanzibar. Juu yake jina la kitabu changu.

Sisi Kigoma tuna michikichi, mawese yake ndiyo tunayopikia. Mtoto mdogo wa Ujiji hachanganyi mchikichi na mnazi. Na dagaa wetu hawavuliwi hivyo. Wanavuliwa usiku wa giza, taa zikimulika majini ili wapande juu, wavu ukisubiri chini. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina kazi, wavuvi wanapumzika, na mama wa vichanjani naye hana cha kuanika. Sura nzima ya pili ni habari za siku hizo za mbalamwezi: nani anakopa kwa nani, nani anauza kitenge, nani anawalaza watoto mapema. Picha ile haikugusa hata mstari mmoja wa hayo.

Nikamwambia, "Kaka, hii ni bahari."

Akajibu macho yakiwa kwenye simu, "Dada, bahari na ziwa si yote maji? Msomaji anataka kitu cha kuvutia."

Si yote maji! Nilipong'ang'ania, akasema basi tuweke mwembe wa Livingstone, maana Kigoma inajulikana kwa huo. Ni kweli, Stanley alimkuta Livingstone pale Ujiji mwaka 1871, na mgeni akishuka hapa ndiko anakopelekwa kwanza. Lakini hiyo ndiyo sababu iliyonikalisha kuandika! Miaka yote hiyo tunasimuliwa wazungu wawili walioamkiana chini ya mwembe, na mwanamke ambaye dagaa wake wanaliwa mpaka Dar es Salaam hakuna aliyewahi kumuuliza hata jina.

Kumbe vipeperushi nusu vilikuwa vimeshagawiwa. Nafika Kibirizi, mama mmoja aliyenisimulia mambo mazito ya maisha yake anacho mkononi. Akaniuliza taratibu, "Mwanangu, sisi tulikueleza ya kwetu, mbona umewaandika watu wa pwani?" Nilikosa jibu. Hata sasa nikikumbuka, koo linabana.

Sasa haki nayo niitoe. Gari la matangazo lilikuwa jambo jingine kabisa. Kijana wa kipaza sauti alikuja jioni ya kuamkia siku ile kuniomba nakala moja, akaisoma usiku. Kesho yake, Mwanga, Gungu, Katubuka mpaka Ujiji, hakupiga kelele za punguzo la bei. Alisoma kipande cha mama anayekimbizana na mvua dagaa wakiwa bado wabichi kichanjani, akichomekea Kiha hapa na pale. Watu walitoka madukani. Bodaboda walisimama. Siku ile niliuza nakala 41, na jioni ungeniuliza ningekuambia nenda kwa watu wale, wanajua kazi.

Asubuhi nikarudi ofisini kuomba vipeperushi vichapwe upya. Nikaambiwa nilipie tena. "Si vitabu umeuza, dada?" Nilitetemeka. Vitabu viliuzwa na kijana aliyekesha anasoma, na nilipomuuliza kalipwa kiasi gani aliinamisha kichwa tu.

Kwa hiyo mwenye kitabu kipya Kigoma, gari la matangazo ndiyo, tena sana, ila msemaji mpatie kitabu mapema na hela yake mpe mkononi mwake. Picha kapige mwenyewe, alfajiri, mwaloni. Ile ofisi labda kwa harusi na minada inafaa. Hapana, hata harusi nisingewapa, wangembandika bibi harusi wa watu wengine.

Vipeperushi vilivyobaki vimelala chini ya kitanda. Jumamosi nakwenda Kibirizi na kitabu chenyewe, nikae na yule mama kichanjani nimsomee sura ya pili yote, asikie kama kuna mtu wa pwani humo.