Miezi kumi na moja na huduma ya taka za kutenganisha: uzoefu wangu

Jamani watu wengi wananiuliza hii huduma ya kuchukuliwa taka zikiwa zimetenganishwa inafanya kazi kweli au ni mambo ya miradi tu, mradi ukiisha na ndoo zinageuka za kufulia. Sasa mimi nimeitumia, mwezi huu ni wa kumi na moja, acha niandike nilichokiona, kizuri na kilichoniudhi, maana hii kitu naipenda na nataka idumu.

Nakaa Dar upande wa Segerea, nyumba ya kupanga, tupo wapangaji sita uwani, jiko la nje, bomba moja. Kabla ya hapo kulikuwa na gari la taka, kila chumba elfu mbili kwa mwezi, mtu wa hela anapita tarehe moja hakosei ila gari lenyewe linakuja linapotaka. Linaweza kukata wiki mbili. Viroba vimejaa pale ukutani, mbwa wanavichana usiku, asubuhi unakuta pampasi katikati ya uwanja na watoto wanapita hapo kwenda shule. Mvua ikianza wengine walikuwa wanaona bora wamwage mtaroni maji yabebe, na mtaro wetu unashuka bondeni unaingia Msimbazi, kwa hiyo makopo tuliyokuwa tunatupa huku juu ndo yanaenda kuziba kule chini na watu wa Jangwani wanaogelea kwenye nyumba zao. Hilo lilikuwa linaniuma siku nyingi tu ila sikuwa na pa kupeleka hizo taka.

Basi wakaja hawa wazoa taka wa ushirika, wanatoka hapahapa kwenye kata, wameongozana na mjumbe. Maelezo yao mafupi: kila chumba kiwe na ndoo mbili, moja ya vitu vya jikoni vinavyooza, nyingine ya vilivyobaki, hiyo tunaiita ya mabaki, halafu uwani kuwe na kiroba kimoja kikubwa cha vinavyouzika, yaani makopo, maboksi, vyuma, plastiki ngumu. Za jikoni wanachukua mara mbili kwa wiki, vingine mara moja. Elfu tatu kwa chumba. Ndoo unajitafutia mwenyewe, mimi nilichukua ndoo za rangi pale kwa fundi, zina mifuniko mizuri.

Mwezi wa kwanza ulikuwa mgumu, nawaambia ukweli. Sio kwamba kutenganisha ni kazi, kutenganisha ni mkono kwenda kushoto badala ya kulia basi, kazi ni kukumbuka. Unamenya ndizi unaongea na simu, ganda limeshaenda na mfuko wa sukari. Na uwani kwetu kuna kaka mmoja alikuwa anasema yeye analipa hela kwa hiyo hawezi kuchambua taka, wachambue wanaolipwa. Ndoo yake ilikuwa inachanganywa kila kitu humo.

Sasa hapa ndo pana kitu nataka mkisome vizuri. Anayepita kwetu ni mama mtu mzima, wa umri wa mama yangu kabisa, anakuja na guta na kijana mmoja wa kusukuma. Haondoki na ndoo bila kufungua mfuniko. Siku ile alifungua ndoo ya huyu kaka, akavaa glovu, akaingiza mkono akatoa mfuko laini umejaa ugali wa jana na vichwa vya dagaa, ndani yake kuna betri mbili za redio. Hakupiga kelele. Alimwita, kaka akatoka akasema shikamoo mama, akaitika marahaba mwanangu, akamwonyesha zile betri kwenye kiganja akamwambia, "Mwanangu, hii ikiingia kwenye mboji, mwenye bustani anakula mchicha wa betri." Akazitoa akaziweka kwenye kopo lake la betri alilofunga pale kwenye guta, ugali akamwaga kwenye pipa la jikoni, mfuko akaurudisha kwenye ndoo ya mabaki, akamwambia nitapita Jumamosi. Jumamosi akapita akafungua tena. Wiki ya tatu ile ndoo ilikuwa safi na mpaka leo ni safi. Mimi nimeona semina za mazingira, nimeona mabango, nimeona fulana, lakini uwani kwetu kilichobadilisha watu ni huyu mama kufungua mfuniko kila wiki na kujua ndoo ipi ya nani. Kama mtaani kwenu wanataka kuanza halafu wanaochukua taka hawaangalii ndani ya ndoo, msijisumbue.

Tofauti niliyoiona haraka ni harufu. Taka za nyumbani kwetu huku zaidi ya nusu ni za jikoni, maganda, vyakula, miiba ya samaki, na ndizo zinazonuka na kuleta nzi. Ukizitoa hizo mara mbili kwa wiki, zilizobaki zinaweza kukaa hata siku kumi hazina shida. Tangu mwezi wa pili sijaona mbwa uwani. Panya bado wapo ila wamepungua.

Mwezi wa nne nikaomba niende kwenye banda lao nikaone zinakoenda, maana nilishawahi kuumizwa. Kuna huduma nyingine nilitumia nilipokuwa nakaa sehemu nyingine, walitugawia mifuko ya rangi mbili tukatenganisha kwa moyo wote, siku moja nimesimama barabarani naliona gari linazoa ya bluu na ya kijani yote linatupa pamoja nyuma linaenda. Nilisimama pale nikajisikia vibaya sana. Kwa hiyo safari hii nilitaka kuona kwa macho.

Banda ni la mabati, sakafu ya zege. Upande mmoja kuna matuta ya taka za jikoni wamezichanganya na majani makavu na pumba za mbao, wanapindua kwa koleo kila baada ya siku kadhaa. Nilisogeza mkono juu ya tuta lililopinduliwa muda huohuo, joto lake ni kama umefunua sufuria ya wali, mvuke unatoka kabisa. Wakaniambia joto hilo ndo linaua vijidudu na mbegu za magugu, likipoa unajua kazi inaelekea kuisha. Haikunuka kama nilivyotegemea, inanuka udongo wa mvua na uchachu kidogo. Mwisho wanachekecha, inatoka mboji nyeusi laini. Nilinunua kiroba kimoja nikaweka kwenye matembele yangu yaliyo kwenye madumu yaliyokatwa, majani yamekuwa mapana hadi jirani anakuja kuchuma na mimi sina neno, achume tu.

Upande wa pili kina mama wamekaa kwenye viti vifupi wanachambua makopo. Mimi nilikuwa najua kopo la plastiki ni kopo tu. Kumbe meupe yanakaa peke yake na ndo yenye bei nzuri, ya bluu pembeni, ya kijani na kahawia pembeni, karatasi ya jina inachanwa, mfuniko unatolewa kwa sababu ni plastiki ya aina nyingine, ukizisaga pamoja ukamwaga kwenye maji ya kopo inazama ya mfuniko inaelea. Kopo lenye mafuta au mkojo (ndiyo, madereva wa magari makubwa) linawaharibia mzigo. Toka siku hiyo nasuuza makopo kwa yale maji ya kusuuzia vyombo, sekunde tano tu, na vifuniko naweka kwenye kopo lake. Mama mmoja pale alikuwa anachambua bila glovu, kidole kimefungwa kitambaa, kakatwa na chupa. Hiyo sikuipenda na nilisema palepale. Hela zetu elfu tatu tatu zinatakiwa zianze na glovu na gambuti za hawa watu kabla ya kitu kingine chochote.

Sasa mabaya.

Masika walipotea kwa za jikoni karibu wiki tatu. Barabara yetu ikikaa tope guta halipandi, lakini simu walikuwa nazo, wangetuambia tuzilete wenyewe hadi barabara kubwa tungezileta. Baadhi ya majirani walirudi mtaroni kipindi hicho na wawili hawajarudi kwenye huduma mpaka leo. Risiti pia, mara unapata mara hupati. Chupa zilizovunjika hawachukui, ukiuliza zinaenda wapi hakuna jibu la maana, mimi ninazo kwenye dumu stoo tangu mwezi wa tano nashindwa kuzitupa.

Na ile ndoo ya mabaki. Hii ndo inanikosesha raha kuliko vyote. Siku moja nilimwaga ya kwetu juu ya kiroba nikaangalia ya wiki nzima kuna nini: pampasi, pedi, vipakiti vya sabuni ya unga, vya biskuti, vya viungo, vya kahawa, vya krimu, vya pipi za watoto, vile vidogo vya mia mia na mia mbili. Hivi vipakiti hakuna anayevitaka. Ni plastiki imegandishwa na aluminiamu tabaka juu ya tabaka, hakuna wa kuzibandua, huwezi kusaga, huwezi kuozesha. Mama wa guta anavibeba anajua anavipeleka dampo tu, Pugu Kinyamwezi. Yaani mimi nimetenganisha, yeye kachambua, ushirika umelipa gari, halafu kampuni iliyotengeneza ile pakiti na kuiuza haimo kabisa kwenye hii safari. Mzigo ni wao, wanaoulipia ni mimi, mama wa guta na yule wa bandani mwenye kidole kilichokatwa.

Na siyo kwamba haiwezekani. Sisi wote tumekua tunanunua soda ya chupa kwa mangi, hauna chupa unaacha hela ya chupa, ukirudisha unapewa hela yako, kreti inajaa matupu, gari la kiwanda linakuja na soda linaondoka na matupu. Nani aliwahi kuona chupa ya soda ya kioo imelala mtaroni wiki nzima? Mtoto yeyote angeiokota akaipeleka dukani, ni hela. Hiyo soda hiyohiyo ikaja kwenye plastiki ya kuondoka nayo na mara moja mitaro ikajaa. Wanywaji ni walewale, kilichotoka ni ile hela ya chupa na lile gari la kurudi kuchukua. Ndo maana nasema mwenye bidhaa lazima awepo mpaka mwisho. Wenzetu Kenya mwaka 2022 walipitisha sheria ya taka inayomtaka mzalishaji abebe jukumu la bidhaa yake hata baada ya kutumika. Na sisi tuliweza mifuko ya plastiki ya rambo, tarehe 1 Juni 2019 ilipigwa marufuku na ndani ya muda mfupi mtu akienda sokoni anabeba kikapu au mfuko wa kitambaa, ingawa vile vifungashio laini vya kupimia sukari baadaye vikaanza kubebea nyanya, kwa hiyo inatakiwa kufuatiliwa kila siku.

Watu wengine wananiambia dampo si lipo, kwani shida nini. Waulizeni wazee wa Tabata, hapa jirani tu. Jiji lilikuwa linatupa taka pale katikati ya makazi, moshi na nzi usiku na mchana, wakazi wakaenda Mahakama Kuu na mwaka 1988 wakashinda. Jiji likaja kuhamia Kunduchi Mtongani, wa Mtongani nao wakaenda mahakamani 1991 wakashinda vilevile. Halafu Vingunguti, halafu Mtoni, sasa Pugu. Kila dampo ni nyuma ya nyumba ya mtu. Kila ndoo ya maganda inayobaki bandani kwenye tuta la mboji ni ndoo moja ambayo haikwenda kuwafukiza na kuwatiririshia maji machafu watu wa Pugu, na mimi nikimwaga maganda asubuhi huwa nawafikiria kabisa.

Mkiniuliza nyota ngapi, nawapa nne. Moja nimeikata kwa ajili ya masika na glovu, siku wakirekebisha nairudisha. Na wanaosema kwamba huku kwetu watu hawawezi, waende Bonyokwa, hapohapo Ilala, shirika la mazingira la Nipe Fagio walifanya kazi na wakazi na wazoa taka nyumba kwa nyumba mpaka mfumo ukakaa, na mazingira ni hayahaya ya kwetu ya barabara mbovu na nyumba za kupanga.

Kwa anayetaka kuanza: usinunue ndoo mpya, tafuta yenye mfuniko unaobana. Chini ya ndoo ya jikoni weka boksi lililochanwa au majani makavu linyonye maji, harufu inapungua sana. Kama mpo wapangaji wengi andikeni namba ya chumba kwenye kila ndoo kwa rangi, bila hivyo mtagombana. Betri na vioo weka mbali kabisa na umwambie anayechukua mkononi, usimfiche ndani ya mfuko. Na kabla hujalipa mwezi wa kwanza omba kupelekwa bandani kwao, wakikataa usilipe. Wa kwetu wanapita Jumatano na Jumamosi kuanzia saa moja asubuhi, majina wanaandikisha ofisi ya serikali ya mtaa. Mjumbe wetu ameitisha kikao Jumapili hii cha kuzungumzia njia ya guta wakati wa mvua na glovu, mimi nitakuwepo na lile dumu langu la vioo.