Ziara ya Siku ya Ushindi Dhaka: mwongozaji hodari, ratiba mbovu

Kampuni niliyoichagua kwa ziara ya Desemba 16, siku ambayo Bangladesh huadhimisha jinsi Jenerali Niazi wa Pakistan alivyosalimu amri mwaka 1971 mwishoni mwa vita vya kupigania uhuru wa nchi hiyo, ina mwongozaji hodari lakini haina ratiba ya maana. Tulipelekwa kwanza Savar, kwenye mnara wa kumbukumbu ya mashujaa wenye kuta saba za pembetatu, na kwa kuwa watu walikuwa wamefurika tangu alfajiri wakiwa na mashada ya maua, basi letu lilikwama barabarani kwa saa tatu, jambo ambalo yeyote anayeifahamu sikukuu hiyo angelitarajia. Maji ya kunywa tuliyoahidiwa hatukuyaona.

Bustani ya Suhrawardy ndiyo iliyonituliza hasira. Hapo, palipokuwa uwanja wa mbio za farasi wa Ramna, mwongozaji alitutolea picha iliyokunjamana ya meza ndogo ambapo Niazi, akiwa ameketi kando ya Jenerali Aurora wa India, nchi iliyopigana upande wa Bangladesh, alitia saini hati ya kusalimu amri iliyofuatiwa na kushikiliwa kwa mateka wa vita wa Pakistan wapatao 93,000, akatuonyesha kwa kidole kalamu iliyo mkononi mwa Niazi. Ningemtafuta tena mwongozaji yuleyule, ila kwa siku isiyo ya sikukuu.