Uzoefu wangu na Django: siku mbili za kutafuta moduli zisizoonekana

Nimetumia Django, fremuweki (yaani zana zilizokwisha kuandaliwa) ya lugha ya Python, kwa miaka kadhaa kuandika programu za wavuti, na kwa muda wote huo sikuwahi kuipima kwa kigezo ambacho sasa nakiona ni kizito kuliko vingine: inakutendeaje pale inapokataa kuwaka. Kuanza mradi mpya katika fremuweki yoyote ni rahisi, kwa sababu kila kitu ni cha leo na kinaelewana. Kupokea mradi ulioandikwa na mtu mwingine miaka iliyopita, kuuweka kwenye kompyuta mpya na kuiamuru seva iwake, hiyo ni kazi ya namna nyingine kabisa. Hivi karibuni nilipokea mradi kama huo. Uliandikwa kwa Django 3.2, toleo la mwaka 2021, na kompyuta yangu ilikuwa na Python 3.12. Nilijipangia saa moja. Nilimaliza jioni ya siku ya pili.

Niseme mapema kwamba bado naipendekeza Django, na ningeipa nyota nne kati ya tano bila kusita. Ni fremuweki iliyoanzia katika chumba cha habari cha gazeti huko Lawrence, Kansas, ikatolewa kwa umma mwaka 2005, na umri huo unamaanisha kwamba hitilafu nyingi utakazokutana nazo zimekwisha kuwakuta wengine. Hata hivyo, nyota nne zangu zina maelezo yake, na maelezo hayo yanahusu zaidi zile dakika ambazo terminali, dirisha la kuandikia amri, inakuambia kitu hakipo wakati una hakika kwamba umekisakinisha.

Kikwazo cha kwanza hakikutoka kwa Django. Faili la requirements.txt, lenye orodha ya vifurushi vyote vya mradi, lilisomwa vizuri na pip, chombo cha kusakinisha vifurushi vya Python, vifurushi vikapakuliwa kimoja baada ya kingine, kisha kazi ikakwama kwenye psycopg2 na skrini ikajaa maandishi mekundu. Ndani ya maandishi hayo yote mstari wenye maana ulikuwa mmoja tu: pg_config haikupatikana. Psycopg2 ni daraja kati ya Python na hifadhidata ya PostgreSQL, na sehemu yake kubwa ni msimbo wa lugha ya C unaopaswa kujengwa ndani ya kompyuta yako, kwa hiyo pasipo kompaila na faili za PostgreSQL zinazohitajika katika ujenzi huo, haijengeki. Waandishi wake hutoa pia psycopg2-binary, ambayo imekwisha kujengwa, na hushauri itumike wakati wa kuandika na kujaribu programu, huku seva ya kazi halisi ikitumia ile ya kujengwa. Nilifuata ushauri huo na kikwazo kikaondoka.

Lakini kabla hakijaondoka kilinifundisha jambo ambalo ningependa kila anayeanza alijue. Pip haisakinishi nusu nusu. Kifurushi kimoja kikishindwa kujengwa, vingine vyote vilivyoombwa katika amri ileile haviingii, hata kama vilikwisha kupakuliwa mbele ya macho yako. Asiyejua hilo huona maandishi mekundu, hudhani ni psycopg2 peke yake iliyokosekana, huendesha manage.py, faili la kuamuru mradi wa Django, na huambiwa kwamba Django haipo. Hapo huanza kuitafuta Django iliyoharibika, kumbe haikuharibika; haikuwahi kuingia. Siku hizi, kabla ya kutafuta moduli yoyote (kipande cha msimbo kinachoingizwa) iliyopotea, napandisha skrini juu hadi kwenye amri ya kusakinisha nione ilimalizikaje.

Vifurushi vilipoingia vyote, manage.py ilinirudishia ModuleNotFoundError ikidai kwamba hakuna moduli inayoitwa distutils. Kwa miaka mingi distutils ilikuwa sehemu ya Python yenyewe. Mtu hakuhitaji kuisakinisha. Ilitangazwa kuwa inaelekea kuondolewa katika Python 3.10, na Python 3.12 ilipotoka Oktoba 2023 haikuwamo tena. Django 3.2 bado iliitumia kulinganisha namba za matoleo, na kwa kweli Django hiyo haikuwahi kuahidi kufanya kazi na Python iliyo juu ya 3.10. Ushauri unaozunguka sana ni kusakinisha setuptools, ambayo hubeba nakala yake ya distutils. Nilijaribu, na kosa likatoweka. Nikaelewa pia kwa nini mradi uleule unaweza kuwaka katika kompyuta moja yenye Python 3.12 na kukataa katika nyingine yenye Python hiyohiyo: tangu toleo hilo, mazingira pepe mapya, yaani folda yenye Python na vifurushi vya mradi mmoja tu, hayaji tena na setuptools ndani yake, kwa hiyo ipo kwa yule tu ambaye kifurushi kingine kiliivuta bila yeye kujua.

Niliiondoa setuptools siku hiyohiyo. Kuziba pengo la toleo kwa kifurushi cha pembeni ni kumwachia mtu mwingine kazi hii baadaye, naye atakuwa na dalili chache kuliko nilizokuwa nazo mimi. Nikapandisha mradi hadi Django 4.2, toleo lililopangiwa huduma ya muda mrefu na linaloikubali Python 3.12.

Kosa lililofuata lilikuwa la halali na nililitarajia: ugettext_lazy haikuweza kuingizwa kutoka django.utils.translation. Jina hilo liliondolewa katika Django 4.0 na mahali pake pakabaki gettext_lazy. Hapa Django inastahili sifa. Jina hilo lilikuwa likitoa onyo tangu toleo la 3.0, na onyo hilo huonekana ukiendesha manage.py kwa kuongeza -Wa baada ya neno python. Maelezo ya kila toleo huorodhesha kinachoondolewa na kinachochukua nafasi yake, kwa lugha iliyonyooka. Nilitafuta na kubadilisha katika faili zote za mradi, na sehemu hiyo ikawa imekwisha.

Sasa nifike kwenye kosa lililonigharimu asubuhi nzima ya siku ya pili. Usiku wa kwanza, mradi ulipokuwa tayari unawaka, nilibadilisha jina la folda yake kwa sababu la zamani halikueleza chochote. Asubuhi niliingia ndani ya folda, nikawasha mazingira pepe, nikaliona neno venv ndani ya mabano mwanzoni mwa mstari kama kawaida, nikaandika python3 manage.py runserver. Jibu likaja kwamba Django haikuweza kuingizwa, na likanihoji kama nimeisakinisha, na kama nimesahau kuwasha mazingira pepe. Nilitazama mwanzo wa mstari. Venv ilikuwepo. Nikaamua kusakinisha upya, na pip ikanikatalia kwa kosa la externally-managed-environment, yaani Python hii inasimamiwa na mfumo endeshi na haipaswi kuguswa.

Kosa hilo la pili ndilo lililokuwa na jibu, ingawa sikulisoma vizuri kwa muda mrefu. Mfumo endeshi haulindi mazingira pepe yangu. Hulinda Python yake yenyewe. Ikiwa pip imekataa kwa sababu hiyo, basi pip ninayozungumza nayo si ya mradi wangu, hata kama mabano yanasema vingine. Kuna ushauri mwingi wa kuongeza --break-system-packages kwenye amri ili kulazimisha, na nashukuru kwamba sikuufuata, kwani Django ingeingia ndani ya Python ya mfumo na ningeamini nimetatua tatizo. Badala yake niliandika which python3, na jibu likawa /usr/bin/python3.

Sababu ni kwamba mazingira pepe hayahamishiki. Yanapoundwa, anwani kamili ya folda yake huandikwa ndani ya faili la activate na ndani ya faili za amri kama pip. Nilipobadilisha jina la folda, activate iliendelea kutanguliza anwani ya zamani katika orodha ya mahali ambapo terminali hutafuta amri, na kwa kuwa anwani hiyo haikuwepo tena, terminali iliipita kimya na kwenda kuchukua Python ya mfumo. Mabano yalibaki kwa sababu yanaandikwa na faili lilelile la activate, bila kuhakikisha kama kuna Python yoyote upande wa pili. Ilinibidi nifute folda ya venv na kuiunda upya. Kazi ya dakika chache, baada ya saa nne za kutafuta.

Tangu hapo siamini mabano. Ninapoambiwa moduli haipo, swali langu la kwanza ni Python ipi imeulizwa, na ninalijibu kwa amri mbili kabla ya kugusa kitu kingine. Ya kwanza ni python3 -m pip --version, ambayo huonyesha pip imekaa folda gani na inahudumia Python ya toleo gani. Ya pili ni kuingia ndani ya Python na kuchapisha sys.executable. Anwani hizo mbili zisipoelekea ndani ya folda ya mradi, hakuna haja ya kusoma kosa lenyewe. Kwa sababu hiyohiyo situmii tena pip peke yake. Naandika python3 -m pip daima, ili anayesakinisha na atakayetumia wawe mmoja. Kihariri cha msimbo nacho huwa na Python yake iliyochaguliwa mahali fulani kwenye mipangilio, na inaweza kuwa tofauti na ile ya terminali, ndiyo maana mstari huweza kupigiwa alama nyekundu kwenye kihariri huku programu ikiwaka bila shida.

Majina ya vifurushi nayo yanahitaji uangalifu. Jina unaloliandika kwenye msimbo mara nyingi silo unalosakinisha: rest_framework hutoka katika djangorestframework, corsheaders hutoka katika django-cors-headers, PIL hutoka katika Pillow, na yaml hutoka katika PyYAML. Kukisia jina na kulipachika mbele ya pip install ni hatari, kwa kuwa mtu yeyote anaweza kupandisha kifurushi kwenye hazina ya PyPI, na jina ulilokisia linaweza kuwa la kitu kingine kabisa. Fungua nyaraka za kifurushi, nakili jina.

Hapa ndipo ninapoipunguzia Django nyota moja. Ukitumia ImageField, uga wa picha, bila Pillow, maktaba ya picha, inakuambia kwa namba fields.E210 kwamba Pillow haijasakinishwa na inakupa amri ya kuisakinisha. Ukikosa kiunganishi cha MySQL, inakuuliza kama umesakinisha mysqlclient. Lakini jina likikosewa ndani ya INSTALLED_APPS, orodha ya programu za mradi, au folda ya programu yako ikibadilishwa jina, unapata ModuleNotFoundError tupu iliyo chini ya mistari mingi ya importlib, na ujumbe wa kosa wenyewe hauitaji INSTALLED_APPS kwa jina. Fremuweki inajua imelisoma jina hilo kutoka orodha gani. Ningependa iniambie.

Kosa la mwisho lilikuwa langu mwenyewe, na ndilo lililonifundisha kusoma hadi mwisho wa mstari. Niliandika faili dogo la kupanga tarehe, nikaliita calendar.py na kuliweka kando ya manage.py. Baada ya hapo, maktaba ambayo sikuigusa kabisa ikaanza kulalamika kwamba jina timegm haliwezi kuingizwa kutoka calendar. Nilisoma sehemu hiyo mara tatu. Mwishoni mwa mstari, ndani ya mabano, Python ilikuwa imeandika anwani kamili ya faili ililolifungua, na lilikuwa faili langu. Python huanza kutafuta katika folda ya faili unaloliendesha kabla ya kufika kwenye moduli zake yenyewe, kwa hiyo calendar yangu iliifunika calendar yake. Katika matoleo mapya zaidi ya Python ujumbe wenyewe hukudokezea kwamba huenda faili lako limegongana jina na moduli ya Python na kwamba ulibadilishe jina, katika 3.12 unategemea macho yako. Nililiita ratiba.py.

Jioni ile sikuridhika kuona seva inawaka, kwa sababu ilikuwa imewahi kuwaka usiku uliotangulia na asubuhi ikagoma. Nilipakua mradi upya katika folda nyingine, nikaunda mazingira pepe mapya, nikasakinisha kutoka requirements.txt mpya yenye namba kamili za matoleo, nikaandika toleo la Python linalohitajika katika mstari wa kwanza wa maelezo ya mradi, kisha nikaendesha python3 manage.py check. Ilijibu kwa mstari mmoja: System check identified no issues. Folda ile ya kwanza, yenye jina zuri nililoihangaikia, nikaifuta.